Mwisho Utajijua

Mpira ulipita.

Haukupita kwa shida wala kwa kubanwa. Mwalimu Mkuu wa shule ya chekechea aliinama, akausukuma kwa kidole kimoja kwenye nafasi ya mwisho ya kizuizi cha vyuma, pale chuma cha mwisho kinapotazamana na nguzo ya fremu, nao ukajipitia kama mtu anayeingia kwao. Ukadunda kwenye ukingo wa veranda ya ghorofani, ukaanguka uani, na watoto waliokuwa wakicheza huko chini wakaupokea kwa vifijo.

"Umeona, fundi?" Mwalimu Mkuu aliuliza. Hakupaza sauti. Angepaza sauti ingekuwa afadhali.

"Nimeona, mwalimu."

"Panapopita mpira huu, mtoto atajaribu kupita. Na hapa ni ghorofani."

Fundi alivua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba jibu limo humo, akaivaa tena. Nyuma yake alisimama mkewe na kopo la rangi mkononi, akitamani sakafu ipasuke immeze yeye na kopo lake. Ilikuwa saa ya wazazi kuja kuchukua watoto, na ngazi ilikuwa imejaa watu. Mmoja wao alimnong'oneza mwenzake, kwa ule mnong'ono ambao unakusudiwa usikike, "Huyo si Mwisho Utajijua?"

Ndiye yeye. Jina hilo alijipa mwenyewe kwa mdomo wake. Fundi huyu wa kuchomelea vyuma alikuwa na mazoea ya kuanza kazi upande wa kushoto, akipanga chuma baada ya chuma kwa mwendo mmoja mzuri wa kupendeza, na mteja akimuuliza, "Je, kule mwishoni patakuwaje?" humjibu, "Wewe usiwe na wasiwasi, mwisho utajijua." Na kweli mwisho ulijijua, lakini ulijijua vibaya. Mtaa mzima ungeweza kutambua dirisha lake kwa ile nafasi ya mkono wa kulia, ama pana kama mlango, ama finyu hata kidole hakiingii. Dirisha la jikoni kwake mwenyewe lilikuwa na nafasi ya mwisho ambayo kuku aliingilia kila jioni, akatokea hapo hapo asubuhi, bila kumwomba mtu ruhusa.

"Sikiliza," Mwalimu Mkuu alisema. "Pakiwa pana, kichwa kinapita. Pakiwa finyu, mguu unanasa. Mimi nataka nafasi zote ziwe sawa, kutoka nguzo hadi nguzo. Ijumaa wazazi wanakuja kukagua. Mpira ukipita tena, au nikikuta pembeni pamebanana, veranda zote zilizobaki nampa fundi Kijiti. Sitaki tuonane wabaya."

"Hatutaonana wabaya, mwalimu."

Walikifungua kile kipande cha kizuizi, wakakipandisha kwenye mkokoteni na kukirudisha karakana kwa kupitia barabara kuu, maana njia ya uchochoroni ilikuwa na ngazi. Safari haikuwa ndefu, ila kila mwenye duka alikuwa na swali. "Fundi, mbona chuma kinarudi? Kimesahau mwavuli?" Fundi alicheka na kila mmoja. Mkewe, ambaye mtaa ulimwita Mama Rangi kwa kuwa ndiye aliyepaka kila kilichotoka katika karakana ile, alisukuma mkokoteni kwa nyuma akiangalia visigino vya mumewe. Alimjua. Mumewe akicheka namna ile, ujue moyoni maji yamemfika shingoni.

* * *

Kijiti hakuchelewa kuja. Alikuwa mwanafunzi wa Fundi zamani, mwembamba kama jina lake, na sasa alikuwa na karakana kubwa, gari la mizigo na vijana wanne. Alishuka garini na adabu zake zote.

"Shikamoo, fundi wangu. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakwambia?" Fundi aliuliza.

"Ah, mji huu, fundi. Habari haina mguu lakini inafika." Alipapasa fremu, akafika kwenye ile nafasi ya mwisho, mkono wake ukapita mzimamzima, akaurudisha haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. "Mimi sikuja kucheka. Nimekuja kusema mlango wangu uko wazi. Kwangu hutasumbuka na wateja. Utachomelea tu, vijana watakupimia. Hata ovaroli nimeshakushonea, na jina kifuani."

"Jina gani?" Mama Rangi aliuliza.

Kijiti alikohoa. "Wameandika Mwisho. Si ndivyo watu wanavyomwita?"

Alipoondoka, mume na mke walirudi kwenye fremu. Kama kazi ya shule ingepotea, karakana nayo ingepotea, kwa sababu hapakuwa na kazi nyingine ya maana iliyokuwa ikiwangoja. Vyuma vyote vilikuwa vimenunuliwa kwa malipo ya awali ya shule. Mwanaume aliyemfundisha Kijiti kushika kishikio cha kuchomelea angeamka kila siku kwenda kupimiwa na vijana wa Kijiti.

"Baba watoto," Mama Rangi alisema polepole, "na kama tungepima kwanza?"

"Nimepima! Nini hiki?" Fundi alitoa mfukoni kibao kidogo cha mti mgumu, kilicholainika kwa kushikwa. Kilikuwa cha marehemu baba yake, fundi vyuma vilevile. Fundi alikuwa akikiweka kando ya chuma, anasogeza chuma kinachofuata mpaka kiguse kibao, anachomelea, anakihamisha. Ndivyo alivyofanya tangu ujana, kwenye kila dirisha na kila ngazi. "Baba yangu hakuingia darasani hata kuchungulia, na hakuna dirisha lake lililorudishwa kwa mkokoteni. Kibao ni hikihiki. Kasoro ni mkono wangu. Yeye alikuwa na mkono, mimi sina. Basi."

Alikirudisha mfukoni. Mkewe aliona kwamba mtu huyu amekwisha kujihukumu, na hakimu wa namna hiyo hana rufaa.

* * *

Jioni hiyo binti yao wa sekondari, ambaye baba yake alimwita Profesa kila alipotaka kumchokoza, alikuwa mezani jikoni na kazi ya shule. Mama Rangi alikaa karibu naye akisugua vidole kwa kitambaa chenye tina ya kuondolea rangi. Kuku alipita dirishani kwa wakati wake.

"Unatafuta nini humo?"

"Natafuta x, mama."

"Jana si ulimpata? Ulisema ni nne."

"Ile ilikuwa ya jana. Leo ni tisa."

"Mtu gani huyo asiye na msimamo?" Mama Rangi aliuliza, na hakuwa akitania. Yeye shule ilimshinda kwenye x hiyohiyo. Alikuwa hodari wa kujumlisha na kutoa mpaka siku herufi zilipoingia kwenye hesabu. Aliwahi kukariri kwamba x ni saba, akaandika saba katika mtihani mzima, mwalimu akasoma majibu yake mbele ya darasa, na darasa likacheka mpaka kengele. Herufi ziliingia, yeye akatoka.

Binti alicheka, kisha akaona uso wa mama yake, akaacha. "Mama, x si mtu mmoja. Ni jina la kitu ambacho bado hukijui. Kila swali lina x yake. Tazama hili: x tatu, jumlisha tano, ni thelathini na mbili. Maana yake nina vitu vitatu vilivyo sawa, sijui kila kimoja ni kiasi gani. Nikiviweka pamoja na tano, vyote ni thelathini na mbili."

"Sasa utajuaje?"

"Ninaanza kuondoa ninachokijua. Natoa tano huku, natoa tano na huku, ili pande zisikosane. Inabaki ishirini na saba. Hiyo ni mali ya wale watatu walio sawa. Nawagawia. Tisa kila mmoja."

Kitambaa kilisimama mkononi mwa Mama Rangi.

"Rudia. Vitu vilivyo sawa, sijui kila kimoja ni kiasi gani?"

"Ndiyo."

"Profesa, chukua chaki."

Walitoka kwenda karakana. Kulikuwa bado na mwanga. Juu ya bati lililoegemea ukuta, binti aliandika huku mama akisoma tepu. Fremu, kutoka nguzo hadi nguzo, sentimita mia mbili na hamsini. Vyuma bapa ishirini, kila kimoja upana wa sentimita mbili, jumla arobaini.

"Na nafasi ni ngapi?" binti aliuliza.

"Si vyuma ishirini? Kila chuma na nafasi yake."

Binti akaandika 20x + 40 = 250. Akatoa arobaini pande zote mbili, ikabaki mia mbili na kumi. Akagawa kwa ishirini. Kumi na nusu.

"Mnaandika hirizi?" Fundi alikuwa amesimama mlangoni.

Mama Rangi alimweleza, akijikwaa hapa na pale, binti akimwokota. Fundi alikuna kidevu. "Yaani nikiache kibao cha baba, nifuate herufi?"

"Ukipenda, fuata ovaroli," mkewe alisema.

Maneno hayo yalimwingia. Alibandua vyuma vyote na kusafisha kingo kwa grainda. Akakata kibao kipya cha kumi na nusu, akaanza tena kushoto, akichoma nukta moja tu juu na moja chini, ili ikibidi paweze kubanduliwa. Mama na binti walishika vyuma. Ilikwenda vizuri mno. Chuma cha kumi, cha kumi na tano, cha kumi na tisa. Alipofikisha cha ishirini, kibao kilitoka, chuma kikakaa, na ubavu wake ukalala kwenye nguzo ya fremu kama mgonjwa aliyeegemea ukuta. Hapakuwa na nafasi ya mwisho hata kidogo.

Fundi alitazama. Akaanza kucheka, na safari hii alicheka kwa kweli, mpaka akaketi juu ya ndoo. "Jamani! Kwangu kuku anapita, kwenu hata karatasi haipiti!"

Binti machozi yalimlengalenga. "Baba, hesabu ni sahihi. Nimeirudia. Angalia mwenyewe."

"Ni sahihi, mwanangu. Chuma ndicho kisichokwenda shule." Akamfuta shavu, akamwachia alama ya masizi. Kisha kicheko kikamwishia. "Basi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho asubuhi nitakwenda kwa Kijiti mwenyewe, kabla hajanifuata. Nitamwomba tu wafumue lile jina."

Mama Rangi alikunja tepu. Aliona aibu ileile ya darasani, mbichi, kana kwamba kengele haijalia mpaka leo.

* * *

Asubuhi alishika kazi iliyokuwepo, kwa sababu mikono isiyo na kazi humzungusha mtu kichwa. Palikuwa na dirisha la mteja mwingine la kupaka rangi ya kuzuia kutu, dirisha dogo la vyuma sita. Ndani ya nyumba, Fundi alikuwa akitafuta shati safi, na binti alikuwa akivaa viatu vya shule.

Mama Rangi alikuwa na namna yake ya kupaka. Hakupaka chuma kimojakimoja. Alichovya brashi, akaiingiza katika nafasi, akapaka shavu la chuma cha kushoto na shavu la chuma cha kulia, akatoka. Chovya moja, nafasi moja. Rangi haimwagiki na mkono hauchoki. Alikuwa akifanya hivyo bila kufikiri, na kwa kuwa hasira ilikuwa bado kifuani, alikuwa akihesabu kwa sauti kama mtu anayegombana na brashi. "Tano. Sita." Akachovya tena. "Saba."

Mkono ukasimama hewani. Rangi ikamdondokea mguuni.

Vyuma sita. Chovya saba.

Akarudi mwanzo, akagusa kwa mpini. Nafasi kabla ya chuma cha kwanza, nafasi baada ya chuma cha mwisho, na zile za katikati. Mkono wake ulikuwa unajua jambo hili tangu siku alipoolewa na rangi. Kichwa tu ndicho kilichokuwa hakijaambiwa.

"Profesa!" alipiga ukelele. "Usiende shule! Njoo! Nafasi imezidi moja!"

Binti alikuja na kiatu kimoja mguuni. Alitazama dirisha, akatazama fremu, akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Mama! Ukianza na nguzo na kumaliza na nguzo... Ishirini na moja!" Akafuta bati kwa mkono, akaandika upya, 21x + 40 = 250. Toa arobaini huku na huku. Mia mbili na kumi, kwa ishirini na moja.

"Kumi," Mama Rangi alisema kabla chaki haijafika. Alilisema taratibu, kisha akalirudia kwa sauti kubwa, kwa furaha tupu, akaelekea ndani. Mumewe alikuwa anafunga kifungo cha juu.

"Vua shati," alimwambia.

"Asubuhi hii?" Fundi aliuliza.

"Vua shati, vaa la kazi! Kumi! Kibao cha baba kimepungua nusu sentimita, cha jana kilizidi nusu. Nusu tu, baba watoto! Nusu ikirudiwa ishirini ndiyo inayompitisha kuku!"

Fundi hakuelewa yote, lakini alimwelewa mkewe. Alikata kibao cha kumi. Walipofika mwisho alichomelea chuma cha ishirini, akazima mashine, akachukua kibao na kukiweka katika nafasi ya mwisho, kati ya chuma na nguzo. Kikaingia, kikakaa. Akakitoa, akakirudisha. Alifanya hivyo kama mtoto aliyepewa kitu kipya, na binti alichelewa shule kwa sababu hakutaka kuondoka hapo.

* * *

Ijumaa veranda ilijaa wazazi. Kijiti naye alikuja, tepu kiunoni na kifurushi kwapani. Mwalimu Mkuu alianza kushoto. Alisukuma mpira katika nafasi ya kwanza, ukakataa. Ya pili, ukakataa. Alikwenda hivyo hivyo bila haraka, na kadiri alivyokaribia kulia ndivyo watu walivyonyamaza. Fundi alikuwa ameshavua kofia.

Nafasi ya mwisho. Kidole, mpira ukakataa. Kiganja, ukakataa. Mwalimu Mkuu akaweka goti, akausukuma kwa uzito wake wote, nao ukafyatuka kinyumenyume, ukampiga Kijiti kwenye muundi. Watoto wakashangilia kuliko ile siku ya kwanza. Kisha Mwalimu Mkuu akapitisha mguu wa mtoto mmoja, ukaingia na ukatoka.

Alisimama, akakung'uta sketi. "Fundi, leo umefanyaje?"

Watu walingoja. Fundi angeweza kusema lolote, na Mama Rangi asingemlaumu. Alikuwa ameshajiandaa kutabasamu.

"Mimi nimechomelea tu, mwalimu," Fundi alisema. "Aliyetafuta nafasi ni mke wangu. Binti yangu ndiye aliyemwonyesha namna ya kutafuta. Mimi nilikuwa nimeshavaa shati la kwenda kujisalimisha."

"Kwa hesabu, mama?"

"Kwa x, mwalimu," Mama Rangi alisema, na masikio yakamwaka moto kwa raha. "Ya hapa ni kumi. Veranda zile nyingine tutatafuta zake, maana haina msimamo."

Mwalimu Mkuu alicheka na kumshika mkono, rangi na yote. "Basi katafuteni. Zote ni zenu."

Kijiti alikuwa akisugua muundi. "Sasa fundi, hii ovaroli?"

"Ilete hapa," Mama Rangi alisema. "Nitavaa mimi nikipaka rangi."

* * *

Waliporudi karakana Fundi alitoa kibao cha marehemu baba yake, akakitazama, akakitupa kwenye rundo la takataka. "Miaka yote hii kilikuwa kinanidanganya."

Mama Rangi alikiokota, akakifuta kwa pindo la ovaroli. "Hakikudanganya. Kila swali lina x yake. Hiki baba mkwe alikikata kwa kazi gani?"

"Sijui. Siku alipofariki nilikikuta hapo." Fundi alionyesha dirisha la karakana, lile ambalo baba yake alilitengeneza kwa mikono yake na ambalo wao walilitundikia makoti. "Juu ya kizingiti."

Mkewe alilitazama dirisha. Alimpa kibao. Fundi aliondoa makoti, akaweka kibao katika nafasi ya kwanza. Kilikaa. Ya pili, kilikaa. Alikwenda nacho mpaka ya mwisho, kati ya chuma na ukingo, akakisukuma kwa kidole gumba, na kikaingia kimya, bila kulegea, bila kubanwa.

Alibaki ameweka mkono pale kwa muda mrefu.

"Alikuwa na sanduku zima la vibao," alisema. "Kila kazi alikata kingine. Mimi nilidhani ni kuni. Siku ya msiba wake vile vingine vyote tulichemshia chai."

Mama Rangi alimwegemea begani. Alimhurumia, na hapo hapo kicheko kikaanza kumtekenya, akakizuia, kikamshinda. Fundi naye akacheka, macho yakiwa yamelowa.

"Ilikuwa chai nzuri," alisema.

Kibao walikiacha palepale kwenye nafasi ya mwisho, mahali pake. Fundi akaokota chaki sakafuni, akachungulia mlango wa nyumba.

"Profesa! Njoo na tepu. Lile dirisha la kuku hapo jikoni lina vyuma vingapi?"